Sombe Ubaoni

Jirani akitwanga sombe, harufu ya yale majani mabichi ya muhogo hunirudisha darasani. Utotoni tulisugua ubao wa darasa kwa sombe na makaa, ili ukolee weusi. Siku moja majina yetu yote yalikuwa ubaoni, mwalimu akaona watu wenye bunduki, wale waliochukua watoto wakubwa kuwa askari, wakivuka reli kuja kwetu.

"Batoto, mupake sombe! Mbio!"

Tukapaka hadi majina yakafutika. Wakaingia. "Majina ya batoto bakubwa iko wapi?"

"Siyaandika bado, shefu. Masomo njo inaanza leo."

Mmoja wao akagusa ubao uliolowa, akanusa kidole chake. Wakaondoka na mwalimu. Hakurudi.

Sasa mimi ndiye mwalimu hapa Kamina. Leo asubuhi nimewaambia wanafunzi wangu: kesho kila mmoja aje na sombe.