Kovu Lililofutwa Studioni

Juzi, katika studio ya picha karibu na bandari yetu ya Kalemie, mama muuza ndakala, dagaa wa ziwani kwetu, alikuja kuchukua picha zake. Mpiga picha alikuwa amelifuta kovu la shavuni kwa penseli kwenye filamu, kama anavyowafanyia wote.

"Papa, huyu mama ni muzuri, lakini simujui," mama alimwambia, akizirudisha picha mezani. "Kovu hii njo watu wananijua nayo mpaka Moba. Unipige tena."

Akaketi, akaugeuzia mwanga shavu lenye kovu, akatabasamu kama bibi harusi.

"Na wewe, Papa?" mpiga picha aliniuliza.

Nilikuwa nimekuja kuomba aniongezee nywele pichani. Nikanyoosha koti langu la abakosti, nikavua kofia. Picha imetoka jana: upara unang'aa kama ziwa la saa sita mchana.