Nati ya Tano

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Aldemar alikuwa akitoka nje, anafuta umande kwenye boneti ya gari lake kwa mkono wa shati, kisha analiuliza, "Umelalaje, nyumbu wangu?" Alikuwa akisubiri kidogo, kama mtu mwenye adabu anayengoja jibu, ndipo arudi ndani kunywa kahawa.

Lilikuwa jipu aina ya Willys la mwaka hamsini na nne, fupi, la mraba, alilorithi kwa baba yake. Huku kwetu Santa Elvira, juu kwenye mashamba ya kahawa, magari hayo ndiyo yanayobeba kila kitu: magunia, ndizi, wanafunzi, maharusi, nguruwe. Na hakuna aliyeyajua kama Aldemar. Nati za magurudumu ya kulia hufunguka kama nati zote duniani, kwa kuzungushia kushoto. Za magurudumu ya kushoto zimetengenezwa kinyume, unazungushia kulia ndipo zinalegea. Dereva mgeni asiyejua hukaza huku akidhani anafungua. Aldemar alikuwa akimwacha atoe jasho mpaka shati limgande mgongoni, ndipo amsogelee na kumnong'oneza, "Kaka, upande huu ni kama mkeo: wewe umesikia kushoto, yeye alisema kulia." Uwanja mzima wa kanisa, ambako magari huegeshwa, unaangua kicheko.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Oktoba, siku ya maandamano ya Willys kule Armenia, mji mkuu wa mkoa wetu. Kila mwenye gari alikuwa amepakia mlima wa vitu, vitanda, vikapu, mikungu ya ndizi, kuku wakiwa hai juu kabisa. Aldemar yeye alikuwa amepaka magurudumu rangi nyekundu, na nati zake zote, moja moja, kwa brashi ndogo. Alfajiri akakuta tairi la nyuma kushoto limekaa chini. Wenzake wakamzunguka wakipiga honi.

"Aldemar, nyumbu wako kapiga magoti! Anaungama?"

"Nendeni tu. Nitawapita njiani nikimenya chungwa."

Wakaondoka wote. Akaondoka fundi wa kuchomelea, akaondoka fundi wa matairi, akaondoka hata padri, maana ndiye aliyealikwa kubariki magari. Mji ukabaki na wazee na mbwa.

Saa moja simu ikalia. Alikuwa dada yake, Fabiola, kutoka shambani Alto Bonito.

"Kaka, njoo. Mama hali tena wala hanywi. Tangu usiku anakutaja wewe."

"Anasemaje?"

"Anasema, 'Aldemar amefika?' Hilo tu. Nikimwambia bado, anafumba macho, halafu anauliza tena."

"Mwambie nabadilisha tairi. Nikimaliza ni dakika arobaini tu."

Kwa gari ni dakika arobaini kweli. Kwa miguu ni saa nne za kupanda.

Akaingiza jeki, akashika spana, akazungushia kulia. Nati ya kwanza ikalia kidogo, ikakubali. Ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano ikagoma. Akaikanyaga spana kwa mguu. Wapi. Akamwagia mafuta ya taa, akasubiri huku akivuta sigara, akajaribu tena. Akaenda nyuma ya nyumba akaleta bomba refu la chuma, akalivika kwenye mpini wa spana, akaning'inia hapo kwa uzito wote wa mwili. Ikasogea! Upana wa ukucha tu, lakini ilisogea. Akacheka peke yake.

"Imeanza, Nubia! Niletee kofia yangu, naondoka sasa hivi!"

Mkewe akaileta kofia, akasimama mlangoni nayo. Nati haikusogea tena.

Mzee Ovidio, muuza bahati nasibu mwenye mguu mmoja, alikuwa ameketi kwenye ngazi za jirani akitazama.

"Unangoja nini, Aldemar? Ningekuwa na miguu miwili kama wewe, saa hizi ningekuwa nimevuka daraja."

"Mzee, nikianza kutembea, nati hii itafunguka yenyewe nikiwa njiani, kwa kunikomoa."

"Basi anza kutembea, mimi nitakuja kukuita."

"Nyamaza, mzee. Dakika tano."

Zile dakika tano zikawa saa nzima, na saa ikawa mbili. Kila alipotaka kuacha aliona mvuto mmoja zaidi ndio utakaomaliza, na mtu hawezi kuacha mvuto unaomaliza. Akaipasha nati moto kwa jiko la gesi la Nubia mpaka rangi nyekundu ikatoka malengelenge. Akagonga kwa nyundo. Akavuta. Spana ikateleza, akaanguka chali barabarani, na alipoinuka akaona pembe za nati zimeanza kulika.

Saa tano simu ikalia tena. Safari hii aliipokea Nubia.

"Wifi, anavuta pumzi kwa mbali," Fabiola alisema, na sauti yake ilisikika hadi kwa Aldemar chini ya gari. "Bado anauliza. Mwambie kaka aje hata kwa punda."

Nubia akakata simu. Akabaki akiitazama ile nati. Pale rangi ilipobabuka, chuma chake kiling'aa, cheupe, kipya, si kama zile nne zilizokuwa nyeusi kwa uzee chini ya rangi.

"Aldemar."

"Shika bomba hapa."

"Aldemar, hiyo unaikaza."

Akatoa kichwa. "Nini?"

"Ulipolazwa mwezi wa tatu, ulipopasuliwa nyongo, Mama alizidiwa. Nikachukua gari, nikampeleka zahanati. Kule kwenye mawe bolti moja ikakatika. Fundi akasema bolti za kinyume hazipatikani tena, akatia ya kawaida pamoja na nati yake. Hii. Hii inafunguliwa kushoto."

Alimwangalia kama anayetafuta mahali pa kucheka.

"Mwezi wa tatu?"

"Mama mwenyewe ndiye aliyesema nisikwambie. Alisema, 'Atapiga kelele mwaka mzima kwa sababu ya msumari mmoja.' Nami nikasahau ni gurudumu gani. Ulipopaka rangi zote zikawa sawa. Naapa, sikujua mpaka nilipoiona sasa hivi."

Kwenye ngazi Mzee Ovidio aliinama, akaanza kupanga tiketi zake.

Aldemar akavika spana, akavuta kushoto. Ikateleza. Akavika tena, akaifunga kitambaa ndani ili ibane. Ikateleza. Kwa muda wa saa nne alikuwa ameikaza kwa bomba la mita mbili, na pembe zote sita zilikuwa zimekwisha, nati imekuwa mviringo kama shanga. Akachukua tindo, akaielekeza ubavuni mwa nati, akapiga nyundo. Tindo likaruka likamchana kiganja. Akafunga kiganja kwa kile kitambaa, akapiga tena. Akapiga huku akiomba, kwanza kwa Bikira, kisha kwa baba yake aliyeliacha gari, kisha kwa gari lenyewe. "Niachie hii moja. Moja tu, nyumbu wangu. Nitakufanyia chochote." Damu ikawa inadondoka juu ya rangi nyekundu, hata haionekani.

Nubia alimshika bega. "Nenda kwa miguu. Mume wangu, nenda."

"Ningeenda saa moja, saa hizi ningekuwa nimekaa kitandani kwake."

"Najua."

"Hujui." Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza. "Alikuwa anauliza, na mimi niko hapa nafunga."

Saa saba simu ikalia mara ya tatu. Aliipokea mwenyewe, akasikiliza, akaitika "naam" mara mbili. Mama alikuwa hai, lakini alikuwa ameacha kuuliza.

Akaweka nyundo chini, taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtu. Akaichukua kofia mkononi mwa Nubia. Nubia alimletea chupa ya maji ya sukari guru na maandazi mawili ya mahindi yaliyofungwa kwenye jani; akachukua chupa, akaacha maandazi. Akapita mbele ya kanisa lililofungwa, akashika barabara ya Alto Bonito, kiganja kikiwa kimefungwa kitambaa kilicholowa.

Mama Otilia alikata roho saa tisa na nusu. Kwa hesabu ya miguu, mwanawe alikuwa kwenye kona ya kisima, bado hajaona paa la nyumba.

Walimzika huko huko Alto Bonito. Nubia alipanda kwa gari la jirani kwenda mazishini, akakaa na Aldemar siku tatu za kusali rozari, akateremka peke yake. Alikuwa amemwomba warudi pamoja. Alijibiwa kwamba kahawa ya mama imeiva na hakuna wa kuichuma. Ilipokwisha kahawa, sababu ikawa uzio wa kutengeneza. Ulipokwisha uzio, hakutoa sababu tena, na Nubia hakupanda tena kumuuliza.