Ulimi wa Kivuko

Moshi ule niliuona mimi kwanza. Ilikuwa asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mafunjo, na ng'ambo ya Mto Kagera ukapanda moshi mweupe wa majani mabichi. Kila mtu wa upande wetu alijua maana yake: msafiri amefika, anaomba mtumbwi. Siku nyingine mvushaji angekuwa ameshaingia majini. Lakini mitumbwi ilikuwa imepandishwa ukingoni na kulazwa kifudifudi, imefungwa kwa kamba, na walinzi wawili wameikalia. Baraza lilikuwa limefunga mto kwa sababu ya ndui.

Mume wangu alikuwa ng'ambo. Alikuwa amevuka kwenda kuuza nguo na shanga na kununua ngozi, kabla habari ya ndui haijatufikia. Tangu mto ulipofungwa nilikuwa nikishuka kila asubuhi na mtoto mgongoni, nikisimama pale nikiuogopa moshi na kuutamani vilevile.

Nieleze kidogo juu ya baraza, maana vijana wa leo wanadhani kabla ya Wajerumani kuja na boma lao hatukuwa na mpango wowote. Mukungu ndiye aliyekuwa mkubwa wa kijiji kwa niaba ya Mukama, mfalme wetu, na wazee walikaa naye uani kwake. Hao ndio walioamua siku ya kufyeka njia, na zamu ya kusafisha chemchemi ili ng'ombe wasiikanyage. Walijua kila kibanja, yaani shamba la migomba na nyumba iliyo ndani yake, ni cha nani na mpaka wake ni mti upi. Mtu akifa bila mrithi, wao ndio waliosema kibanja kiende wapi. Na hatari ikija, moto wa nyika au njaa au maradhi, hawakuanza kuulizana la kufanya. Lilikuwa limeshapangwa tangu zamani. Kwa ndui lilipangwa hivi: mitumbwi ipande, na kazi yoyote ya kukaribia wagonjwa ifanywe na wenye makovu tu, waliokwisha kuugua wakapona, kwa kuwa ndui hairudi kwa mtu mara ya pili. Na nyumba itakayoficha mgonjwa itachomwa pamoja na kila kilichomo.

Mvushaji wetu alikuwa na makovu uso mzima. Aliuona moshi, akanitazama.

"Bibi," akaniambia, "nenda kamwite mukungu. Mimi siwezi kuiacha mitumbwi, itanionea wivu."

Alipenda mzaha yule mzee. Sikucheka.

Mukungu alishuka na wazee wanne. Ukungu ulipopungua tuliwaona watu wawili ng'ambo, kwenye jiwe bapa la kupakilia. Mmoja amesimama, mmoja ameketi amejifunika. Aliyesimama nilimjua kwa kanzu na kwa namna alivyotia mikono kiunoni. Watu waliokwenda walikuwa watatu, yeye na wapagazi wawili.

Mukungu akanigeukia. "Mwanangu, leo wewe ndiye ulimi wetu. Kazi hii ilikuwa ya baba yako."

Ni kweli. Baba alikuwa mtu wa pwani aliyekuja Karagwe na msafara akaoa Mnyambo wa huku, mama yangu, na baraza lilimwita kila walipofika wageni wa lugha yake. Siku hizo Kiswahili kilikuwa cha watu wa msafara tu. Baba alikuwa ameshakufa. Mume wangu naye alikuwa mtu wa pwani, na Kinyambo chake kilikuwa cha kuuzia nguo tu, hakikuzidi hapo. Kwa hiyo pale ukingoni hapakuwa na mwingine aliyezisikia lugha zote mbili ila mimi.

"Mwulize amepita wapi," mukungu akasema. "Na wa tatu yuko wapi."

Nikapaaza sauti. Mto pale si mpana sana, na asubuhi maji hubeba maneno vizuri. Mume wangu alijibu upesi upesi, kwa Kiswahili cha kwao.

"Sikiliza, mwenzangu. Yule mpagazi mfupi tumemzika juzi, alikuwa na ndui. Huyu hapa ameanza homa jana. Mimi mzima, wallahi, nitazame. Nakwambia wewe, siwaambii wao. Waambie tumepita njia ya juu, na yule mwingine amebaki kwa shemeji yake. Wewe utajua la kuwaambia."

Halafu akangoja.

Mtoto mgongoni alikuwa ameamka, akinivuta nywele kwa nyuma. Pumzi yake ilikuwa ya moto shingoni mwangu, na kwa kitambo kile niliamini ni homa, ingawa haikuwa chochote ila pumzi ya mtoto aliyetoka usingizini. Niliwaona mukungu na wazee wanne wakinitazama mdomoni.

"Amesema maneno mengi," akasema mzee mmoja, "na mke wake hana hata moja."

"Mtu wa pwani hana neno fupi," mwingine akamjibu. "Hapo labda amesema habari za asubuhi tu."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wenye hofu. Mukungu hakucheka.

Nikasema, kwa Kinyambo, "Mmoja amekufa kwa ndui. Huyu aliyeketi ana homa. Mume wangu anasema yeye ni mzima."

Wazee wakarudi nyuma, wote kwa pamoja, kama kwamba maji yenyewe yamewarukia. Mume wangu aliliona hilo. Halikuhitaji tafsiri.

"Umewaambia?" akaniita.

"Nimewaambia."

Alitazama chini, akajifuta uso kwa upindo wa kanzu. Kisha akauliza, "Mtoto ameanza kutambaa?"

"Ameanza kusimama."

"Haya," akasema. "Haya basi."

Baraza likakata shauri palepale, bila kuketi. Wakae ng'ambo mpaka miezi miwili iandame. Mvushaji atawapelekea ndizi, ulezi na chumvi kila siku ya pili, aweke juu ya jiwe bapa, arudi kabla hawajashuka. Kila asubuhi mume wangu awashe moshi. Ukikosekana asubuhi mbili mfululizo, mwenye makovu avuke akatazame. Niliyapeleka maneno hayo ng'ambo moja moja kama nilivyopewa. Aliyakubali yote. Hakunitukana. Mara nyingi nimetamani kwamba angenitukana.

Mke wa mvushaji alinipa pembe ya nyumba yao, maana kibanja changu kilikuwa mbali na mto na sikuweza kuondoka. Nilikuwa naamka kabla ya jua na kukaa juu ya tumbo la mtumbwi kungoja moshi. Sijui kueleza hofu ile. Si kama hofu ya chui, inayokuja mara moja na kwisha. Hii ilikaa nami nikimenya ndizi, nikimwogesha mtoto, na kila nilipomwogesha nilimtafuta vipele kwapani na nyuma ya masikio. Moshi ulipopanda nilipumua. Baada ya hapo nilianza kuiogopa asubuhi ya pili yake.

Siku za mwanzo alikuwa akishuka jiweni tukaongea. Aliniambia mpagazi wake wa pili naye amekufa, na kwamba amemzika peke yake. Aliniuliza habari za paa la nyumba, kama linavuja. Halafu ikaja siku alishuka amejifunga kitambaa usoni, yamebaki macho tu, akasema ni kwa ajili ya mbu.

Mbu hawakuwepo. Ilikuwa mchana mweupe.

Nilimwambia mvushaji nilichokiona. Akakuna makovu yake, na safari hii hakutania.

"Mimi ilinichumbia nikiwa kijana," alisema, "ikaona sura yangu ikaniacha. Wengine inawaoa. Mwambie anywe maji sana."

Nikamwambia. Siku mbili tatu baadaye hakushuka tena, lakini moshi uliendelea kupanda, kila siku ukichelewa zaidi ya jana, mwembamba, wa mtu anayekusanya majani kwa kutambaa. Kisha asubuhi moja haukupanda. Nilikaa juu ya mtumbwi mpaka jua likawa kichwani. Asubuhi ya pili haukupanda.

Mvushaji akafungua kamba. Kabla hajasukuma mtumbwi nilimshika mkono, jambo ambalo mke wa mtu hakulifanya kwetu, nikamwambia, "Baba, kama ni hivyo, mlaze kwa ubavu wa kulia. Uso uelekee kushoto kwa jua linapochomoza. Ndiko kibla kilipo kutoka hapa. Baba yangu alinionyesha."

"Ubavu wa kulia," akarudia, "kushoto kwa jua."

Alikaa ng'ambo mpaka alasiri. Moshi ukapanda, mkubwa, mweusi, na walinzi wakaruka wakidhani ni ishara. Ilikuwa ni ngozi alizonunua mume wangu na nguo alizokuwa hajaziuza. Mvushaji alizichoma zote kama baraza lilivyoagiza, pamoja na kibanda alichojijengea marehemu. Aliporudi alioga majini kabla ya kukanyaga ukingo, akaziacha nguo zake zichukuliwe na mto. Akajifunga ngozi aliyoletewa na mkewe, akaja mpaka mbali kidogo nami.

"Nimemlaza kama ulivyosema," aliniambia.

Upande wetu hakuugua hata mtu mmoja msimu ule.

Mwezi wa pili ulipoandama baraza likakaa uani kwa mukungu kuamua habari ya mali ya marehemu. Niliitwa. Kwa desturi mali ya mgeni asiye na mrithi wa kiume ilirudi kwa Mukama: kibanja, migomba, na bidhaa zilizobaki nyumbani. Nilikwenda nimeshawaza nitalala wapi na mtoto. Mukungu alisema mbele ya watu kwamba mwanamke huyu angeweza kusema uongo na hakuna ambaye angejua, naye akachagua kijiji badala ya mume. Kibanja kibaki mikononi mwake, na baada yake kiwe cha binti yake. Wazee wakapiga makofi. Mzee yule aliyenitania mtoni alisema mdomo wa baba yangu haukuzikwa.

Nilipaswa kusema neno, nikashindwa. Nilikuwa nakihitaji kibanja.

Nalisema sasa, ninapoandika kwa herufi alizonifundisha binti yangu, maana baba alinifundisha zile za Kiarabu tu. Sikuchagua kijiji. Sikukifikiria kabisa. Nilimwona mume wangu niliyempenda amesimama karibu na mtu mwenye ndui, nikahisi pumzi ya moto ya mtoto shingoni, na nikaogopa asije akavuka. Nilimwogopa yeye. Kama ningekuwa na uongo wa kumzuia kule, ningeusema pia. Ilitokea tu kwamba kweli ndiyo iliyomzuia. Watu waliniita mkweli kwa miaka mingi, na kila waliponiita hivyo nilitazama chini, nao wakasema ni unyenyekevu.

Baraza lilinipa kazi ya baba. Kila walipofika watu wa pwani na mto umefungwa, kwa ndui au kwa maradhi ya ng'ombe, niliitwa kivukoni. Niliifanya kazi hiyo mpaka Wajerumani walipoweka mtu wao. Wageni wengi walikuwa wachovu, na wakisikia sauti ya mwanamke anayesema lugha yao walifurahi, wakaanza kumwaga maneno yote, dada yetu, mama yetu, tusaidie. Nilikuwa nawakatiza. Kabla hawajaniambia chochote niliwaambia neno moja ambalo mume wangu sikumwambia.

"Nyamazeni kwanza," nilikuwa nasema. "Lolote mtakaloniambia, nitawaambia hawa."

Wengine walisema kweli, wengine walidanganya, na wengine waliondoka bila neno, wakafuata mto kwenda chini. Mimi nilitafsiri nilichopewa. Halafu nilitazama jiwe bapa, na juu yake kidogo, mahali palipochomwa, ambapo majani yalikuwa yameshaota.