Jina la Mkwe Ndani ya Treni

Simu ya mama iliingia saa nne na dakika kumi asubuhi. Nilikuwa nimeshafika stesheni ya Dodoma, mapema kupita kiasi, nawasubiri.

"Tabia, mkwe simwoni," alisema, na mtandao ukakata.

Nilipiga tena mara sita. Ukishaipita Kilosa reli inaingia milimani, na simu haina tena kazi.

Mkwe ni binti yangu wa miaka mitano. Nilimpa jina la bibi yangu mzaa baba, Mwanaasha, ambaye ndiye aliyekuwa mama mkwe wa mama yangu. Na kwetu Kaole jina la mkwe halitamkwi. Mama hajalitia kinywani tangu aolewe, miaka arobaini na moja sasa. Jirani yetu muuza vitumbua ana jina hilohilo, na mama humwita "yule wa vitumbua" hata akiwa amesimama mbele yake. Nilipojifungua, mama alimpakata mtoto, akamwamkia: "Shikamoo, mkwe." Tangu siku hiyo nyumba nzima ikafuata. Mimi na kaka yangu Rajabu tunamwita Bibi, na mwenyewe huitikia marahaba kwa kiburi cha mwenye nyumba, naye humwita mama "Mkwe" vilevile.

Mwaka jana nilihamishiwa Dodoma kikazi, nikiwa na mimba iliyonilaza kitandani. Nikamwacha mtoto kwa mama. Nilisema mwezi mmoja, ikawa kumi na moja. Juni hii nikasema imetosha, namtaka mwanangu. Mama alikuwa hajawahi kupanda treni maishani mwake, na Rajabu alitaka kuwaleta mpaka huku. Nikamcheka. Nikamwambia awafikishe stesheni ya Dar tu, mtu hapotei ndani ya treni.

Maneno yangu hayo ndiyo yaliyonitafuna pale. Treni ilikuwa imesimama Morogoro. Je, kama ameshuka na watu? Nilimfuata mlinzi, akaniambia nitulie. Nitulie vipi? Nilikaa, nikasimama, nikakaa, maziwa ya mtoto mchanga niliyemwacha nyumbani yakinilowanisha kifuani.

Yaliyotokea mle ndani nilikuja kuyasikia baadaye kwa mama, na kwa mhudumu mmoja wa treni aitwaye Mina.

Mama aliogopa mwendo. Walipoondoka Morogoro alifumba macho asome dua, na mama akianza dua hamalizi upesi. Wazazi, wagonjwa, marehemu, wote anawataja. Alipofumbua, kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Akanipigia. Simu ilipokata alianza kutembea kwenye njia ya katikati, akiita, "Mkwe! Mkwe wee!" Watu wakamtazama tu.

Mina akamkuta katikati ya behewa.

"Shikamoo, mama. Umepotelewa na mtoto?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo. Wa kike, miaka mitano, kavaa gauni la njano."

"Yupo, tuko naye behewa la mbele. Tiketi yake tumeikuta mfukoni mwake. Nitajie jina lake, nikupeleke."

Mama akauma ncha ya mtandio wake.

"Jina lake, mama."

"Ni mjukuu wangu. Mama yake anaitwa Tabia, anatusubiri Dodoma."

"Nimekuelewa. Lakini tiketi ina jina la mtoto, na mimi siwezi kumkabidhi mtoto kwa mtu asiyejua jina lake."

Abiria mmoja, mwanamume mwenye kofia ya kitambaa, akadakia bila kuulizwa. "Bibi gani asiyejua jina la mjukuu wake? Siku hizi watoto wanaibwa jamani. Dada, usimpe!"

Wengine wakaitikia. Mama anasema jasho lilimtoka na ubaridi wote ule wa mle ndani. Alijaribu kueleza kuwa ni jina la mkwe wake, halitajwi. Mwenye kofia akacheka, akasema hizo hadithi akazisimulie polisi. Hapo mama akaiona picha yote: treni inafika, mtoto anachukuliwa, mimi nimesimama nje mikono mitupu. Heshima si utumwa, lakini kwa mama heshima ile ilikuwa kitu pekee alichompa mama mkwe wake kila siku bila kukosa, hata miaka waliyogombana.

"Mwanaasha," akasema.

"Sikusikia, mama."

"Mwanaasha! Mwanaasha binti Farhan!" Akapiga kelele, kisha akajifunika uso kwa mtandio akalia. Mina akamshika mkono, akampeleka mbele taratibu.

Mtoto alikuwa amejikunyata kwenye kona ya kiti, macho yamemvimba. Alikwenda kutazama choo cha treni tu, akashindwa kujua amerudi behewa lipi. Wale wahudumu walikuwa wamembembeleza kweli, wakampa biskuti, wakamwita Mwanaasha mzuri, Mwanaasha usilie, naye akazidi kulia. Wangejuaje? Jina lile analisikia madrasa tu, na ustadhi halitumii isipokuwa akitaka kumchapa.

Alipomwona mama alimrukia. "Mkwe, wananigombeza," akasema. Mina hakuuliza tena jina.

Treni iliingia Dodoma saa tano na nusu. Mimi sikuwa na habari ya hayo yote. Nilitazama kila mlango mpaka nikaliona gauni la njano likishuka mkononi mwa mama. Nilikimbia. Sikufikiri. Furaha na hofu ya saa nzima vilinitoka kwa mpigo mmoja, nikaita kwa sauti yangu yote, "Mwanaasha!"

Mwanangu akasimama ghafla. Akarudi nyuma ya mama, akalishika vazi lake, akauliza, "Mkwe, nimekosa nini tena?"

Nilipiga magoti palepale, watu wakinipita na mabegi yao. Miezi kumi na moja nilikuwa nimemwambia kila mtu kwamba mtoto hasahau mama yake.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

Akanichungulia. Akaniangalia uso, akaniangalia kifua kilicholowa, akaniangalia tena uso.

"Marahaba," akajibu, lakini nguo ya mama hakuiachia.