Okidi ya Baba na Mkono Wangu wa Kushoto

Baba alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa kile kile alichofungia ua lake la okidi. Sikuamini. Nilidhani anatania, na baba hakuwa mtu wa utani.

Tulikaa Malaba, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, miaka michache baada ya uhuru. Baba alikuwa karani wa mizigo. Okidi aliachiwa na bosi wake, Mhindi mmoja aliyehamishwa, nayo ilikaa barazani ndani ya debe kuukuu, ikitoa maua ya manjano yenye madoadoa ya kahawia. Baba aliipenda kuliko sisi, na sioni haya kusema hivyo. Bua la maua likianza kurefuka na kuinamia mwangani, alichomeka spoki ya baiskeli kando ya mizizi, akalifunga kwa fundo legevu chini ya matumba, ncha akaiacha huru. Bosi wake alikuwa akifanya kazi hiyo alasiri, jua likiwa limeshalichosha bua likalegea. Baba aliuona huo ni uvivu wa watu wakubwa.

Sasa wazee wa upande wa mchumba wa dada yangu walikuwa waje kutoka Bumala kuzungumza mahari. Mimi, binti mdogo, ndiye ningewanawisha mikono, na mimi tangu kuzaliwa natumia kushoto. Kwetu kumpa mgeni kitu kwa mkono huo ni kumtukana. Baba alisema posa ya dada itavunjika kwa ajili yangu, ndipo akanifunga mkono kiunoni. Wiki nzima nilimwaga uji, nikamwaga chai, nikalia kwa hasira.

"Mzee, huyu ni mtoto, si maua," mama alimwambia.

"Samaki mkunje angali mbichi," baba akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Asubuhi ya ugeni, umande haujakauka, baba aligundua kwamba maua yameelekea ukutani. Alitaka yavitazame viti vya wageni. Akaniita nimshikie spoki kwa mkono wangu uliokuwa huru.

"Baba, itavunjika."

"Nyamaza. Shika hiyo."

Akalivuta bua. Tap! Lilikatika pale chini kama ganda la maharagwe mabichi, na maua yote yakabaki kiganjani mwake. Nilifumba macho nikingojea kofi. Kofi halikuja. Nilipofumbua, nilimkuta baba bado ameyashika maua, akilitazama bua lililokatika.

"Ilikuwa mbichi," alisema polepole. "Mbichi kabisa."

Kisha akatoa wembe mfukoni. Nilirudi nyuma hadi ukutani. Akanifuata, akakata kitambaa kiunoni mwangu, akaingia ndani bila kunitazama.

Wageni walipoketi, nilimnong'oneza, "Baba, nishike jagi kwa mkono gani?"

"Ule wako."

Nikashika jagi kwa kushoto na karai kwa kulia, nikamwendea mzee aliyewaongoza. Aliutazama mkono wangu, akarudisha mikono yake mapajani. Mlangoni dada alikuwa amejiziba kinywa kwa leso, machozi yakimlengalenga, nami niliiona ndoa yake ikiondoka kwa sababu yangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba akainuka. Mwenye nyumba hanawi kabla ya wageni wake, hilo hata mtoto analijua, lakini alikuja akachuchumaa mbele yangu na kunyoosha mikono yote miwili juu ya karai.

"Mimina, mama," aliniambia. Hakuwahi kuniita hivyo.

Nikamimina. Maji yakamlowesha viatu, naye hakuviondoa. Alinawa taratibu mbele ya watu wote, akajifuta kwenye suruali, akarudi kitini.

Mzee wa Bumala alimtazama baba. Halafu akakunja mikono ya shati, akanisogezea viganja vyake.