Fundi Rangi na Ukuta Aliouogopa

Mafundi wenzake humwita Msasa. Hapaki rangi kabla ya kuugonga ukuta mzima kwa vifundo vya vidole, sikio karibu. Lipu iliyoachia kwa ndani ina sauti yake.

"Msasa, umebisha hodi, umekaribishwa?" humtania. Siku hizi wanaitania na miguu yake, iliyokakamaa hata hapandi tena ngazi.

Miguu hiyo, na hali ya kaka yake aliyelala chumba cha nyuma kwa mama yao, haoni wala hasemi, ni kazi ya hitilafu moja waliyoirithi kwa mama. Mafuta ambayo mwili hauwezi kuyavunja hujilimbikiza na kuharibu utando unaofunika neva.

"Mbona yeye yuko vile, mimi natembea?" alimuuliza daktari.

"Kwako umeshikwa uti wa mgongo. Kwake, chembe za kinga ziliingia ubongoni, zikatoa molekuli za kuziita nyingine. Zikaja kwa wingi, zikaleta uvimbe, zikaubomoa utando. Kwa nini kwake, hatujui."

Yanaweza kumfika naye. Uvimbe ukigunduliwa mapema, dada yao yuko tayari kumtolea uboho wa mifupa yake apandikizwe. Ukikomaa, kupandikiza hakusaidii. Ndiyo maana anatakiwa kupigwa picha ya ubongo kila mwaka. Miaka miwili hakwenda.

"Kuta za watu unazigonga, kichwa chako unakiogopa?" mkewe alimwambia.

"Ukuta ukiwa mbovu naupiga lipu nyingine, mke wangu. Kichwa je?"

"Na hiyo lipu huwa unaipiga kabla ya kugonga?"

Alikwenda. Walimchoma dawa inayong'aa kwenye picha pale penye uvimbe. Daktari alizipitia picha, akazirudia. Hapakung'aa kitu.

"Kwa mwaka huu," daktari alisema.

Alimkuta mama yake akimlisha kaka supu. Mama hakuwahi kuuliza habari za picha. Hujiona ndiye aliyewapa wanawe maradhi.

"Mama, picha ni safi."

Mama hakushangilia mbele ya kitanda kile. "Inama," alisema.

Msasa akainama, kwa taabu. Mama akahamishia kijiko mkono wa kushoto, wa kulia akauweka juu ya kichwa cha mwanawe, akauacha hapo.

"Na mwakani?"

"Nitakwenda."

"Tutakwenda," mama alisema, akarudi kwenye bakuli.