Nilishuhudia kanisani kwamba nimepona hepatitis C, miezi mitatu baadaye virusi vikarudi

Wakuu, hamjambo popote mlipo.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Naingia, nasoma za watu, natoka. Leo acha na mimi niweke yangu. Sitaongeza chumvi, na mahali nilikosea nitasema nilikosea. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni kinyozi hapa Nkubu, mwaka wa kumi na saba sasa. Niko na mke, Mama Makena, mwalimu wa nursery, na binti yetu Makena ambaye yuko sekondari.

Hii kitu ilianza na shemeji yangu. Alikuwa afanyiwe operesheni, familia tukaitwa kutoa damu. Nikatoa, nikapewa soda na biskuti, nikarudi kazini nikijisikia mtu wa maana.

Baada ya wiki kadhaa nikapigiwa simu nirudi. Wakuu, nilidhani wanataka kunishukuru. Nilivaa hadi koti.

Nikaambiwa damu yangu haikutumika. Ina hepatitis C.

Kwa wale hawajui, hii ni virusi vinavyokaa kwa ini. Vinaingia kupitia damu. Havipiti kwa kusalimiana, kukohoa wala kula sahani moja. Unaweza kaa navyo miaka mingi bila kuhisi chochote huku ini linaliwa polepole. Chanjo ya hepatitis B iko, ya C haiko.

Nilivitoa wapi? Mpaka leo sijui. Daktari aliniuliza kuhusu sindano za zamani, meno niliyong'olewa nikiwa mtoto, kukatwa na wembe kazini. Mwishowe akaniambia nisijitese, watu wengi hawajui. Mama Makena na Makena wakapimwa, wako sawa. Hiyo siku nililala kama mtoto.

Sasa sikieni. Hapa Nkubu hospitali iko, tena nzuri. Lakini wafanyakazi wengi wa pale nawanyoa mimi. Kinyozi mwenye ugonjwa wa damu, ni nani atakalia kiti chake? Kwa hivyo nikaamua kliniki yangu itakuwa Embu, mahali hakuna mtu ananijua. Wateja nilikuwa nawaambia naenda kununua vifaa.

Kule Embu nikapata nurse mmoja, nitamuita Sister Wanja. Mama mtulivu, haongei mingi. Alinieleza kazi yangu naweza endelea nayo: nikijikata nifunge kidonda kabla ya kugusa mtu, mashine zioshwe na dawa kila mara, na nisijinyoe na zile za wateja. Mengine nilikuwa nafanya tayari.

Dawa ilikuwa kidonge kimoja kwa siku, wiki kumi na mbili. Niliweka alarm ya simu saa nne asubuhi, wakati wa chai. Sikuruka hata siku moja, na hii nasema mbele ya Mungu.

Nikimaliza, wakapima. Virusi havionekani.

Sister Wanja akaniambia, "Baba Makena, hii ni habari njema lakini bado. Rudi baada ya miezi mitatu tupime tena. Hiyo ndiyo itatuambia kama umepona."

Nilisikia ile habari njema. Ile "bado" ilipitia sikio lingine ikatoka.

Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani kushuhudia. Nikasema nilikuwa na ugonjwa wa ini, watu wa Mungu wakaniombea, na sasa madaktari wametafuta kwa damu yangu wakakosa kitu. Kanisa likasimama. Wamama wakapiga vigelegele. Baadaye tulichinja mbuzi nyumbani.

Na hapa ndipo nilikosea, wakuu. Kwa ule ushuhuda wote sikutaja kidonge hata kimoja. Kliniki sikutaja. Jina la ugonjwa sikutaja. Ushuhuda ulikuwa mtamu hivyo ulivyokuwa, nikaona dawa zitauharibu.

Miezi mitatu ikaisha. Nikatolewa damu, na baada ya siku kadhaa nikaitwa. Nilienda bila wasiwasi, hata nilikuwa nimebebea Sister Wanja ndizi kutoka shambani.

Alifunga mlango. Akaketi karibu na mimi, si ng'ambo ya meza kama kawaida.

"Baba Makena, virusi vimerudi."

Nikamuuliza kama wamechanganya damu yangu na ya mtu mwingine.

"Tulirudia kupima kabla nikuite."

"Lakini sikuruka hata siku moja, Sister."

"Najua. Nilikuwa naona pakiti zako. Hii hutokea kwa watu wachache. Dawa inafyeka virusi vyote unavyoweza kuona, halafu vile vichache vimejificha vinaanza kuzaana tena."

Akaniuliza kama kuna dawa nyingine nilikuwa natumia. Nikasema hakuna. Akauliza tena polepole: ya presha, ya mitishamba, ya tumbo?

Hapo nikakumbuka. Niko na acid ya miaka mingi, na kila ikinisumbua hununua vidonge vya kupunguza acid duka la dawa, nameza. Sikuwahi kumwambia mtu kwa sababu mimi hiyo sihesabu kama dawa. Ni kama maji tu.

Akaniambia hivyo vidonge vinaweza kuzuia mwili kunyonya ile dawa ya ini vizuri. Mwanzoni waliniuliza, iko kwa faili, na mimi nikajibu hakuna.

"Kwa hivyo ni mimi nimejiharibia?"

"Inawezekana ilichangia. Inawezekana haikuchangia. Hakuna mtu anaweza kukuambia kwa hakika, na sitaki ubebe hiyo kitu ukienda nayo nyumbani."

Niliibeba, wakuu. Nilienda nayo nyumbani.

Wiki tatu sikumwambia mtu. Hata mke wangu. Nilianza kujitengea sahani na kikombe, na ninajua kabisa hii kitu haipiti kwa kikombe! Nikaacha kumbeba mtoto wa jirani. Kinyozini nikawa nanyoa kimya. Kanisani wimbo ukianza nilikuwa naangalia chini, kwa sababu watu walikuwa bado wananisalimia kama yule mtu aliyeponywa.

Sikulia. Kilichonishika ni uchovu. Unaamka asubuhi ni kama umelima tangu jana.

Halafu siku moja mchana, akaingia Mzee M'Ikiara.

Huyu ni mzee wa kanisa letu, mkulima wa kahawa, umri wa baba yangu. Si mtu wa maneno. Nilidhani amekuja kunyolewa, nikamfunga shuka, nikaanza upande mmoja. Akaangalia mlango, akaona tuko wawili tu.

"Baba Makena, mimi pia niko na ini."

Mkono na mashine vikasimama hewani.

Akanieleza. Amepimwa, amepatikana na yake, ameandikiwa kliniki Embu. Siku ya kwanza ilikuwa wiki hiyo hiyo. Halafu akasema, "Lakini siendi. Nilisikia vile Mungu alikutendea. Nimeamua na mimi nitangoja maombi. Nimekuja uniombee hapa hapa, wewe umepitia."

Mzee akafumba macho, akangoja.

Wakuu, nitawaambia ukweli kama nilivyoahidi. Kitu cha kwanza kuingia kwa akili yangu kilikuwa niombe tu. Maombi mafupi, aseme amina, anyolewe, aende. Hakuna mtu angejua. Hata mdomo nilikuwa nimeshafungua.

Nikazima mashine.

Nikamwambia, "Mzee, nitakuombea. Lakini kwanza kuna kitu sikusema kanisani."

Nikamwambia yote. Jina la ugonjwa. Vidonge vya wiki kumi na mbili. Kliniki ya Embu. Halafu nikamwambia virusi vimerudi, na yeye ndiye mtu wa kwanza najulisha.

Alifumbua macho, akaniangalia kupitia kioo. Nikadhani ataamka aondoke na nywele nusu.

"Kwa hivyo ulitudanganya."

"Niliwaambia nusu, Mzee."

"Nusu ndiyo ilikuwa inanizuia kwenda hospitali."

Nilisema tu nisamehe.

Halafu akauliza, "Na wewe, dawa imekukataa, utarudi huko?"

Kusema kweli nilikuwa sijaamua. Sister Wanja alikuwa amenipatia siku ya kurudi nikaiacha ikapita. Lakini nilijisikia nikisema, "Nitarudi."

"Basi twende pamoja. Mimi sijui hata mlango wa kuingilia."

Nikamaliza kumnyoa. Tukaomba, yeye ndiye aliomba.

Hiyo jioni nikamwambia mke wangu. Alikuwa anachambua mboga. Alinisikiza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua, halafu akasema, "Sahani niliiona. Nilikuwa nangoja useme. Lakini Mzee M'Ikiara amejua kabla yangu?"

Hilo swali liliniuma kuliko majibu ya hospitali. Alikasirika siku mbili. Siku ya tatu akachukua ile sahani yangu ya pekee akapatia kuku.

Tulienda Embu na mzee. Yake ni tofauti na yangu, ni B, na mengine ni ya kwake sitayaandika hapa. Mimi nikapigwa picha ya ini. Liko na kovu kidogo, halijaharibika. Nikaambiwa kuna mchanganyiko mwingine wa dawa kwa watu kama mimi, unaenda wiki nyingi zaidi, lakini hauko kila mahali, itabidi ningoje. Nilingoja miezi saba.

Watu huniuliza nilifanya nini kwa hiyo miezi. Nilinyoa. Nililima. Pombe nilikuwa nimeacha kitambo, sikurudi. Jirani aliniletea mizizi amechemsha kwa jagi, kwa upendo kabisa, nikamwambia asante na sikukunywa, kwa sababu Sister Wanja alisema ini langu lisipewe kazi lisiyoijua. Na kila dawa, hata ya kichwa, nilikuwa nampigia simu kwanza. Alinizoea mpaka akawa anacheka akiona namba yangu.

Kanisani pia nilirudi mbele. Nilienda kwa pastor kwanza, nikamweleza. Alikuna kidevu, akasema inaweza kuvunja watu moyo. Nikamwambia kuna mtu karibu aache hospitali kwa sababu yangu. Akanipatia dakika tano.

Nikasema kila kitu, hata jina la ugonjwa. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mama mmoja alilia, sijui kwa nini. Nikarudi kukaa, na ule uchovu niliowaambia ulikuwa umepungua. Sijui niueleze aje. Ni kama mtu amenitoa gunia mgongoni.

Wateja, ndiyo, wengine walienda. Siwezi waficha. Kuna mmoja nilimnyoa tangu akiwa darasa la tatu, sasa anavuka barabara akiniona. Wengine walikaa. Mwalimu mkuu mmoja alikuja na mashine yake kwa mfuko wa karatasi, ameona aibu kuitoa. Nikamwambia hiyo ni akili, mwalimu, hata wengine waje na zao. Siku hizi niko na rafu ya mashine za wateja, kila moja na jina. Biashara haijarudi vile ilikuwa lakini tunakula.

Dawa ya pili nimeimaliza. Safari hii hakuna mbuzi amechinjwa. Niko kwa ile miezi mitatu ya kungoja, na wiki ijayo natolewa damu ya mwisho.

Sijui itasema nini. Mwanzoni kutojua kulikuwa kunanila. Sasa naamka, nafungua kinyozi, naosha mashine, na kuna siku zinapita sijafikiria ini hata mara moja. Kama vimeisha, vizuri. Kama havijaisha, Sister Wanja ameniambia bado watanifuatilia, na picha ya ini itaendelea kupigwa. Nimekubali kwamba naweza kuishi kwa vyote viwili.

Funzo langu ni fupi. Usisherehekee kabla ya kipimo cha miezi mitatu. Waambie kila kitu unachomeza, hata kile unaona si dawa. Ukishuhudia, shuhudia yote, kwa sababu hujui ni nani amekaa kiti cha nyuma anakusikiza akiamua maisha yake. Na dawa ikikataa, usiache siku ya kliniki ipite kama mimi. Rudi.

Wiki ijayo siendi peke yangu. Mama Makena ameomba ruhusa shuleni. Miaka hii yote hajawahi kuingia ile kliniki, nilikuwa namwambia abaki. Jana ameniuliza Sister Wanja anapenda nini, ambebee.

Kuna mtu humu dawa ya kwanza ilimkataa? Ulikaa aje hiyo miezi ya kungoja? Hata kama ni neno moja, andika hapa chini. Na kama umekaa na majibu yako kwa droo hujamwonyesha mtu, andika pia. Huyu kinyozi hatakuuliza kwa nini umechelewa.